Picha Aliyoagiza Neema

Jumanne, Area D

Neema tena! Mama mmoja mkulima wa zabibu kutoka Hombolo aliletwa akilalamikia kichwa. Nilimhoji kwa Kiswahili, akaitikia "ndiyo, daktari" kwa kila swali. Picha ya kawaida ya CT ya kichwa ilitoka safi, nikaandika aruhusiwe.

Neema, daktari mwenzangu, akamsalimia kwa Kigogo: "Mbukwa, mama." Mama akafunguka: alikuwa akipogoa mizabibu, ghafla kichwa kikampasuka kama kapigwa shoka. Neema akaagiza CT ya mishipa, ile ya kuchomwa dawa kwanza.

Picha ikaonyesha mshipa wa ubongo umevimba kama puto. Kesho anapelekwa kwa upasuaji. Bosi kamsifu Neema mbele ya wote.

Tulipokuwa tunasubiri ile picha, Mungu anisamehe, niliomba itoke safi. Wala sikuwa namwombea mama.