Kibao cha Mlangoni

Watson Lake, Yukon

Wifi Ardis,

Sisi wazima, pamoja na mbwa Tucker na paka Olga, aliyejitwalia kiti changu cha kulia. Mbu wa huku nusura wambebe mtu. Juzi tulimwona dubu kando ya barabara, na Tucker, mlinzi wetu, akajificha chini ya meza.

Siku hizi gari-nyumba letu naliendesha mimi. Gunnar, kaka yako, anasema naendesha kama mlevi.

Jana alitoka kumtembeza Tucker hapa kambini, akarudi akaingia gari-nyumba la jirani. Tucker alikuja mlangoni kwetu peke yake. Nilimkuta Gunnar amevua viatu, anakula chapati za maji za watu.

“Marlys,” akaniambia, “leo umezipatia.”

Mwenye chapati akacheka. “Mwache amalize, mama. Mke wangu hasifiwi hivyo.”

Ndiyo, wifi, ni ule usahaulifu wake uliouhofia Krismasi. Watoto nitawaambia mwenyewe.

Unakumbuka kile kibao cha nyumba yetu, chenye jina la ukoo? Nilikibeba tukipigilie hapa, kwenye “msitu” wa vibao, ambako wasafiri hupigilia vibao vya kwao nguzoni. Leo asubuhi tulishapata nguzo, Gunnar ana misumari mdomoni, nikamwambia turudi, akipigilie kwenye mlango wa gari. Alinitazama, kisha akafanya.

Jioni hii ametoka na Tucker tena. Nimechungulia dirishani. Amekisoma kile kibao polepole, akajipangusa miguu, akamwambia mbwa, “Twende ndani, tumefika nyumbani.”

Wifi yako,
Marlys