Bahasha Mbili za Mzee Bwambale

Jumatatu, 3 Machi 2014

Chai imekwisha, kuku wamefunguliwa, redio imekoroma kidogo ikanyamaza. Naandika. Jana nilimwonyesha mke wangu Masika kwamba dereva mzee bado anaijua barabara. Ameamka anaimba. Waulizwe majirani.

Uongo. Majirani wasiulizwe. Masika anaimba kwa sababu kwaya yao ina mazoezi. Jana nilimgeukia, gari halikuwaka, nikajifanya nakohoa. Nakohoa hivyo tangu kabla ya Krismasi. Siku hizi ananichemshia tangawizi kwa kikohozi ambacho hakipo. Nakunywa yote mpaka chini.

Kwa nini naandika Kiswahili? Nilikiokota barabarani, miaka ile ya kupeleka chumvi ya Katwe mpaka Beni na Butembo kule Kongo. Hapa Bwera, mpakani upande wa Uganda, wengi wanakisikia, wachache wanakisoma. Masika hataki hata kukigusa. Anasema ni lugha ya askari na wezi. Vizuri. Daftari litalala mezani bila kufuli.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetoka Kasese. Joto la kuivisha mayai. Masika nilimwambia naenda kutafuta spea za baiskeli. Maduka ya dawa Bwera yapo mengi, lakini kila muuzaji ni mtoto wa mtu ninayemjua. Habari ingefika nyumbani kabla yangu.

Musawo, ndivyo tunavyomwita daktari, wa kliniki niliyoingia ni mwanamke, umri wa binti yangu. Nikasema naumwa mgongo. Akaniangalia. Nikasema magoti. Akaendelea kuniangalia. Nikasema basi, musawo, ni kati ya mgongo na magoti. Akaandika bila kucheka. Afadhali angecheka, ningeumia kidogo tu.

Akanipima presha, akanitoboa kidole kwa sukari. Presha imepanda kidogo, sukari haina neno. Akasema shida hii wakati mwingine ni moyo unabisha hodi, ndiyo maana dawa yake haigawi kama peremende. "Mzee, kifua inauma ukipanda mlima?" Hapana. "Iko dawa ya moyo unameza? Au unaweka chini ya ulimi?" Hapana. Aliuliza mara tatu. Dawa ya chini ya ulimi na dawa ya kazi hii zikikutana ndani ya mtu mmoja, presha inaanguka ghafla na mtu anaweza kufa. Alitaka nirudie maneno hayo kwa mdomo wangu. Nikarudia kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kisha akaweka pakiti mbili mezani. Moja sildenafil. Hii unameza kama saa nzima kabla, tumbo likiwa jepesi, inakupa saa nne au tano hivi. Kichwa kinaweza kuuma, uso ukawaka, pua ikaziba. Ya pili tadalafil. Hii inakaa mwilini siku moja na nusu, chakula hakiisumbui, ila wengine inawauma mgongo na misuli. Iko na ndogo yake ya kumeza kila siku. Nikasema nimeelewa: ya kwanza pikipiki, ya pili lori. Hapo ndipo alipocheka. Akasema sawa, lakini zote mbili hazileti hamu, hamu ulete mwenyewe. Na kimoja kwa siku, usiongeze hata ukikasirika.

Tumeanza na pikipiki.

Jumapili, 9 Machi

Imeshindwa, na kosa ni langu. Niliambiwa tumbo jepesi. Jana mwanangu mkubwa Baluku akaleta mguu wa mbuzi, mafuta yanateremka mpaka kiwiko. Ningekataaje? Nilikula kama mtu anayekwenda jela. Kidonge nikakimeza chooni, kikaenda kupanga foleni nyuma ya mbuzi.

Kazi haikuanza, Masika akasinzia. Nilichopata ni kichwa kinachogonga na uso wa moto. Taa ya sola nikaiona ya bluu. Masika akashtuka, akanishika paji la uso, akasema una malaria wewe. Asubuhi amenipeleka kupimwa. Nimetobolewa kidole kwa ajili ya mbuzi.

Nimeona haya. Siyo kwa watu. Kwa ule mkono wake.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya soko Mpondwe na Masika hakwenda kuuza. Amehamisha mto wake chumba cha wageni. Hakugombana. Kasema neno moja tu: "Spea za baiskeli. Baiskeli yenyewe iko wapi?"

Tuliiuza mwaka juzi. Nilisahau. Dereva mzima.

Anaamini nina mwanamke Kasese. Na mimi, Mungu anisamehe, nusu saa nzima nilifurahi. Niliona afadhali aniite mwizi kuliko aniite mzee aliyekwisha. Halafu nikapita jikoni nikamkuta anafuta macho, na moto ulikuwa haujawashwa. Furaha ikaisha palepale. Tuko pamoja miaka arobaini na mbili. Nikikaa kimya nampoteza. Nikisema, sijui nitamtazama wapi.

Nimekaa kimya.

Alhamisi, 13 Machi

Kasese siwezi kwenda tena. Nimempigia musawo nikiwa kati ya migomba, nimeinama kama mwizi wa ndizi. Amesema tujaribu ile ndogo ya kila siku. Ataiweka katika bahasha ya kaki, atampa dereva wa taksi anayekuja Bwera kesho, nikaichukue stejini. Nimemwomba juu ya bahasha asiandike jina la dawa. Aandike tu Mzee Bwambale, Bwera, na ndani namna ya kumeza.

Mjanja mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Mjinga mimi.

Sisi Wakonzo mtoto wa pili wa kiume ni Bwambale, apende asipende. Simama sokoni Bwera uite Bwambale, uone shingo ngapi zitageuka. Jina hili ninalo miaka sitini na nane, na jana nikalitumia kama ni langu peke yangu.

Dereva alikuwa na bahasha mbili za kliniki ileile. Mzee Bwambale, Bwera. Mzee Bwambale, Bwera. Mwenzangu alitangulia akapewa ya juu, mimi nikapewa iliyobaki. Nimeifungua nyuma ya choo. Vidonge vidogo sana. Kikaratasi kwa kalamu: kimoja chini ya ulimi kifua kikiuma.

Nimerudi mbio stejini. Huyo mwingine ni Bwambale gani? Dereva kasema, "Yule mzee wa kanisa, baba ya Biira."

Biira ni mke wa Baluku wangu. Huyo Bwambale ni mkwe wangu. Mwaka jana kifua kilimwangusha katikati ya ibada, Bwera nzima inajua. Na kwa desturi yetu mbele ya mkwe hata neno suruali sitaji. Tunasalimiana kwa mbali, tunauliza habari za mvua, tunaagana.

Simu ya musawo imezimwa. Yeye ni Msabato, jua la Ijumaa likizama amezima mpaka kesho jioni. Namba ya mkwe ninayo. Nimeibonyeza mara mbili nikakata kabla haijaita. Kwake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nimekaa kwenye kigoda. Nikasema labda hataifungua. Labda ataona vidonge si vyake. Labda atarudisha. Nimekaa mpaka giza likaingia.

Naandika wazi. Nimeogopa kucheka kwa watu kuliko nilivyoogopa kufa kwa mtu.

Jumamosi, 15 Machi

Sikulala. Nimeondoka bila chai, nimepanda boda.

Mkwe nimemkuta barazani ameshika kifua, jasho linamtoka. Mkewe anampepea na kitenge. Biira alikuwepo, amekuja kusalimia wazazi, na watu wawili wa kanisa wamesimama na kofia mikononi. Mkwe alikuwa na kichupa chake cha zamani, vimebaki vidonge viwili. Anakifungua.

Sijawahi kuwa askari, lakini miaka yote ya vizuizi vya barabarani ilinitoka mdomoni. "Acha! Weka chini! Usimeze!" Kichupa kikaanguka.

Wakadhani nimelewa asubuhi. Nikauliza kama alimeza kidonge cha bahasha ya kaki. Alimeza, jana, kama kikaratasi kilivyosema: kimoja jioni. Nikasema hiyo bahasha ni yangu, ni dawa ya nguvu. Mama Biira akauliza nguvu gani. Nikasema mgongo. Mgongo una nini? Na mtu yuko pale anatoka jasho. Basi nikasema. Ni dawa ya kitandani. Mimi ndiye niliyeshindwa kitandani, si yeye, na ikikutana na hiyo ya chini ya ulimi itamuua.

Biira akageukia ukuta. Watu wa kanisa wakatazama viatu vyao. Mama Biira akasema polepole, "Kumbe ndiyo sababu," akaziba mdomo na kitenge.

Tumempeleka hospitali kwa gari la jirani. Daktari aliuliza maswali palepale kwenye foleni na mimi nikajibu palepale kwenye foleni, jina la dawa, kiasi, saa, kwa sauti. Akasema ilikuwa bahati kichupa kile hakikutumika. Wamemlaza, wanamtibu kwa njia nyingine.

Akaniuliza nilijua lini. Nikasema leo asubuhi.

Hata pale nimedanganya.

Jumapili, 16 Machi

Bwera imejua. Kijana wa boda kaniita kutoka ng'ambo ya barabara, "Mzee Kimoja Jioni, nikupeleke?" Wenzake wakashika matumbo. Nikawapungia mkono kama rais. Nikamwambia aje anione akifika umri wangu, kama pikipiki yake itafika. Wakacheka zaidi. Nimefika nyumbani nikakaa chooni muda mrefu, sina haja yoyote.

Masika ameipata habari kanisani, kwenye benchi la kwaya. Amerudi, ameweka chakula, amekaa mbali. Nilifikiri angefurahi kwamba hakuna mwanamke Kasese. Hasira ile imetoka kweli, lakini imeingia nyingine. Musawo alijua kabla yake. Dereva alijua. Biira alijua, watu wa kanisa walijua, foleni nzima ya hospitali ilijua. Yeye aliyekuwa kitanda kimoja na mimi amekuwa wa mwisho.

Nimekula bundu langu, ugali wetu wa muhogo, likiwa baridi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda wodini. Mkwe amekaa, rangi imerudi. Nimemwambia yote: nilijua tangu Ijumaa jioni, nilikuwa na namba yake, nilikuwa na miguu, nikakaa kwenye kigoda kwa sababu ya haya.

Halafu akasema, "Ningekufa, ungekuja kuchimba kaburi."

Nikasema ningekuja.

"Na ungechimba vizuri."

Nikasema ningechimba vizuri.

Akaangalia dirishani. Alivyo mzee wa kanisa nilingoja mahubiri, hayakuja. Akasema desturi tumeshaivunja, hakuna tena cha kuficha, basi nisisimame mlangoni kama mkwe. Akavuta miguu yake, akaniachia nafasi pembeni ya kitanda. Nikakaa. Hajasema amenisamehe na sikumuuliza. Tumeongea habari za mvua.

Nikiondoka kaniuliza kwa sauti ndogo kama ile dawa inauzwa ghali. Nikamwambia wewe, mzee, haitakugusa tena maisha yako yote, daktari asikie. Akasema aliuliza tu.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi nimemwambia Masika. Yote, tangu kikohozi. Nilimwambia nikiwa nimemgeuzia mgongo, nafunga kamba ya mbuzi. Nilipogeuka hakuwepo. Sijui alisikia mpaka wapi.

Jumatano, 19 Machi

Mvua imenyesha asubuhi, imeacha. Mkwe karudi nyumbani jana jioni. Musawo ameleta bahasha mpya, safari hii ameandika jina langu, jina la baba yangu na kijiji. Amesema hakuna bahasha itakayotoka kwake tena na jina moja.

Masika alikuwa na beseni la maharagwe yaliyolowekwa, ya kumenya ganda moja moja. Nikavuta kigoda nikamenya. Wanawake wawili wamepita njiani, wakasimama, wakaangalia, wakaenda wakicheka. Sikuinua kichwa. Vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyechelewa mtoni. Beseni limekwisha saa sita.

Bahasha niliiacha juu ya meza, wazi. Masika ameichukua, ameigeuza, ametoa pakiti. Ndani mna karatasi imekunjwa mara nyingi, Kiingereza kitupu, herufi kama mchwa. Yeye alisoma madarasa matatu kunizidi na macho yake bado mazuri. Ameifungua juu ya magoti akainyoosha kwa kiganja. Hajacheka. Hajaenda chumba cha wageni pia.

Nikamwambia, Mama Baluku, beseni zima nimekumenyea. Na wewe basi nisomee hiyo, polepole, kuanzia juu.