Biira, Punje Zimekuunga Mkono

Biira,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza nikushinde.

Tulipokuzika Bwera, mahindi yetu kule Nyamwamba yalikuwa yanatoa ndevu. Watu bado wanakulilia, mimi nikarudi shambani kuchavusha. Unajua tulichokuwa tunabishania: ile aina yenye punje zilizokunjamana, na ile ya punje ndogo, nyeupe, za ungaunga. Wewe ulisema ni jeni moja iliyoharibika kwa namna mbili. Mimi nikashikilia kwamba ni jeni mbili. Ukaniambia, "Masika, tuzizalishe pamoja, punje zenyewe zitasema." Zikijaa, maana yake kila mzazi ametoa kile mwenzake alichokosa, na ushindi ni wangu. Zikiwa mbovu, ni wako.

Nikafunika mahindi machanga kwa mifuko ya karatasi, moja moja, chavua nyingine isiingie, nikaomba punje zijae. Ndiyo, niliomba hivyo, na wewe uko kaburini.

Juzi nimemenya. Zote zimenywea.

Mwalimu wetu alizigeuza kiganjani, akasema, "Biira aliliona hili." Basi. Jua la Kasese limenichoma mimi, nyani nimefukuza mimi, sifa zikaenda kwako. Nikatoka nje kulia, na hata sasa sijui nililia kukukosa au kushindwa na mtu ambaye hayupo.

Jumapili nikaenda Bwera kumpa mama yako habari. Bado anauza maharage pale sokoni, bado anaongea Kiswahili chake cha Butembo, ng'ambo ya mpaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipakulia ndizi, ndipo akasema, "Biira alikuwaka anasema mahindi ya Masika inaota vizuri, ya kwake inakufa. Ile kitu ilikuwa inamuuma sana."

Hukuwahi kuniambia. Miaka yote ile tumelala chumba kimoja, hukuniambia! Nikakaa na sahani magotini, nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba na wewe uliumia.

Pumzika, dada. Shambani imetokea aina ya tatu, punje zake zimebonyea katikati. Hiyo hukuiona. Nakuahidi mvua zikirudi nitaizalisha na hizi mbili tuone kama nayo ni jeni ileile. Jibu nimeshalikisia. Ila hakuna wa kunibishia, Biira, na bila wewe kubisha sijui kama nimekisia vizuri.

Mwenzako,
Masika