Kifua cha Machage

Manchira, Serengeti
Mtama umeshaingia ghalani

Kwako Ryoba, mume wangu mtoro,

Wewe ni mume wa namna gani? Unamwacha mkeo mzee bila mtu wa kumpasulia kuni, unakwenda kuoana na malori? Ningekuwa bado na meno yangu yote ningekwisha kuolewa Tarime nikakusahau. Kila dereva anayeshusha mzigo sokoni Mugumu nimemuuliza habari zako, mpaka sasa wakiniona na kikapu changu wanawasha gari. Namba yako nimeipiga mara nyingi. Anajibu yule mwanamke wa ndani ya simu, kwamba hupatikani. Yeye sasa namjua sauti kuliko ninavyokujua wewe.

Haya, nimekwisha kufoka. U mzima, mura, kijana wangu? Unakula chakula cha moto? Na kifua chako je, unapumua vizuri? Ukijibu, anza na hilo la kifua.

Anayeandika ni Beatrice, mke wa mchungaji wetu. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na ng'ombe, unajua. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie kwa maneno ya kanisani. Amekubali yote isipokuwa neno moja, nalo lilikuwa lako.

Sisi huku tupo. Mvua ilikuwa nzuri, bwawa limejaa, ndege wa mtama tuliwashinda kwa kelele. Beatrice amejifungua wa kike. Mti ule wa kivuli pale zizini umeangushwa na upepo, haukumwangukia mtu.

Barua hii inaletwa na Masanja, yule Msukuma aliyekuwa akifanya kazi na babu yako Machage. Anarudi kwao na atapita Kahama kukutafuta. Mpe kiti kabla ya kumuuliza lolote. Pumzi yake siku hizi ni ya kukopa.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nimtoe Beatrice jikoni kwake.

Unakumbuka ulivyomuuza mnadani dume wa babu yako ili ujifunze udereva. Sikutetei. Yule alikuwa dume wa kulimia, na mwenyewe hukumwomba. Babu yako aliporudi kutoka kazini akakuta kamba tupu, alikusindikiza hadi lango la ng'ombe, akashika nguzo, akaapa mbele ya majirani kwamba ukilivuka tena lango lile, kifua chake kisipumue. Ukaenda. Sikukuu ya Krismasi ukarudi na sukari na shuka langu, ukaingia kwa lango lile lile, na mimi nikapiga vigelegele. Mwezi haukuisha, babu yako akaanza kukohoa.

Wazee wa ukoo wakakaa. Wakasema kiapo kimemrudia aliyekitoa. Wewe wakakuambia usisogee tena hapa, maana kila hatua yako langoni ni kamba shingoni mwa mzee. Hukubisha. Niliuona mgongo wako ukishuka kuelekea barabarani, na tangu siku ile sijaona kitu chako kingine.

Tulihangaika, mura. Alipewa dawa za kifua kikuu akazimaliza, akapewa tena. Kondoo alichinjwa. Mizizi aliichemsha jirani yetu Rahabu mpaka sufuria yangu ikawa nyeusi hata mchanga hauitakatishi. Alikonda, akawa anakunywa uji kwa vituo, kama mtu anayepanda mlima. Watu walikuja kumwona, na wakitoka walitaja jina lako nje ya ua, kwa sauti ambayo walidhani mimi siisikii. Nilimrushia Amos wa Kisaka mwiko kwa ajili hiyo. Ulimpata.

Halafu hapo Mugumu tukakutana na daktari kijana, mpole, akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: huyu mzee maisha yake yote alifanya kazi gani? Nikamwambia alibomoa mapaa ya zamani, ya mabweni ya shule na nyumba za watumishi, yale mabati mazito ya kijivu yanayoitwa asbesto. Kwanza alikuwa kwa mkandarasi mmoja, kisha kwa yule wa mwisho, hadi alipoishiwa nguvu. Waliyakata kwa msumeno na kuyapiga nyundo, wakafunga matambara puani, na tambara likilowa jasho wakalitupa. Wewe mwenyewe ulimwona akirudi, uso wote mweupe, tukamcheka kwamba mzee mzima ametoka jandoni leo, amepakwa unga kama vijana. Mimi nilimkung'utia nguo zake mlangoni, nikicheka.

Tukapelekwa Mwanza, akapigwa picha. Daktari wa huko alieleza kwamba vumbi lile halitoki. Linakaa ndani ya mapafu kama miba midogo, miaka na miaka, mtu analima, anaoa, anazaa, halijasema kitu. Likianza kusema hakuna wa kulinyamazisha. Ila huu ni ugonjwa wa kazi, akasema, na mfanyakazi aliyeumizwa na kazi ana fidia yake, upo mfuko wa kulipa. Nami nilipigwa picha kwa sababu ya zile nguo. Kifua changu ni safi, usianze kulia.

Akaja bwana mmoja wa mambo ya fidia, akakaa pale barazani na babu yako, akamuuliza ugonjwa ulianza lini na vipi. Unamjua babu yako, hasemi uongo hata wa kumfaa. Akajibu kwamba ulianza siku mjukuu wake alipovuka lango. Akaeleza habari ya dume, kiapo, nguzo, yote. Bwana yule akaandika. Mkandarasi yule wa mwisho aliposikia akadandia hapo hapo, akadai mzee mwenyewe amekiri kwamba ni mambo ya kimila, kazi haihusiki. Madai yetu yakarudishwa kama mbuzi kilema aliyekataliwa kwenye mahari.

Nilimfokea babu yako siku ile hadi jirani akaja. Akaniambia kwa upole kwamba kinywa kile ni chake na maneno yale aliyasema yeye, atamsingiziaje mtu vumbi?

Basi ndipo akaja Masanja kumtazama. Hakuwa ametuarifu kwamba naye anaumwa. Alipofika mlangoni alisimama kwanza akishika ukuta, akakohoa, Ryoba, kikohozi kile kile. Ningekuwa nimefumba macho ningesema ni babu yako yuko nje. Wakatazamana. Babu yako akamuuliza kama naye aligombana na mjukuu. Masanja akasema yeye hana mjukuu, hana hata mtoto, ng'ombe wake aliwauza mwenyewe na hajawahi kumwapia mtu. Akaongeza kwamba na Nikodemo, aliyekuwa akiwashikia ngazi, amekwisha kufa kwa kifua, naye alikuwa mzee wa kanisa asiyegombana hata na kuku.

Babu yako aliweka chai yake chini. Kisha akalia. Miaka yote sikuwahi kuona. Akasema amemfukuza mtoto kwa ajili ya vumbi.

Kesho yake alitaka maelezo yake yachukuliwe upya, na Masanja akasimama shahidi, akataja kila paa walilolishusha. Na wewe tulikutafuta. Masanja alikwenda Kahama mwenyewe na kifua kile, akaambiwa umepeleka mzigo Tunduma na umebadili laini. Wazee walishauri kiapo kifunguliwe langoni mkiwa wote wawili. Babu yako alikungoja. Kila lori likinguruma kule barabarani aligeuza shingo.

Nimezunguka sana, kama fisi anavyozunguka zizi. Nimekutajia bwawa na mtoto wa Beatrice na mti ulioanguka. Beatrice ameacha kuandika ananitazama. Andika, mama.

Babu yako amefariki, mume wangu. Tulimzika kabla mtama haujachanua. Hukuwepo, na hakuna aliyeweza kukupata, na hilo silitupi juu yako. Siku mbili kabla ya kufa aliomba abebwe hadi lango la ng'ombe. Akawekwa pale chini, akashika ile nguzo, akapewa maziwa, akayatemea nguzoni kukifungua kiapo, kwa pumzi yote aliyokuwa nayo, na haikuwa nyingi. Akasema wewe ulivuka lango ukiwa na sukari, si ubaya. Akasema asikukataze mtu. Majirani wale wale walisikia, niliwaita kwa makusudi.

Hukumuua. Nalirudia ili Beatrice aliandike mara mbili. Hukumuua.

Fidia imekubaliwa, akiwa tayari ardhini. Kwetu anayelipa damu huja mwenyewe, huketi, hutazama chini. Hii iliingia kwenye simu ya Beatrice, ikalia kidogo, basi. Nilikaa nikiitazama ile simu, sikujua niishukuru au niitemee mate. Sehemu yake nimenunulia dume. Ni mweusi, ana baka jeupe kifuani. Nimemwacha Kisaka kwa Amos, anayemchunga kwa adabu tangu ule mwiko. Hapa hajaingia bado.

Nisalimie hao madereva wenzako wanaojua ulipo na hawasemi. Rahabu anakusalimu, mchungaji anakuombea, na Beatrice, ambaye sasa analowesha karatasi, anakusalimu pia.

Ni mimi mkeo wa kwanza, bibi yako Mokami.

Ukija, usije kwa njia ya nyuma kama mwizi. Shukia Kisaka, umchukue dume kwa kamba, na mwingie naye kwa lango la ng'ombe, mchana, watu wakiwepo. Ukifika nguzoni simama, iguse, halafu vuka. Mimi nitakuwa upande wa ndani.