Madirisha ya Mama Nafula

Busia, mpakani
Jumapili

Kwa dada yangu Mwende,

Pokea salamu nyingi kutoka huku magharibi. Mimi ni mzima, ila mikono imechubuka kwa saruji. Huko Kitui mvua imefika? Na Mama anaamkaje? Uliponiandikia kwamba sasa anaona kwa shida sana, na kwamba umemkataza kuingia jikoni tangu alipojichoma, niliikunja barua nikaiweka. Leo naijibu.

Nimekuwa nikijenga nyumba kijijini Busibwabo, ya mjane mmoja anayeitwa Mama Nafula. Yeye haoni kabisa. Anafuma sweta za shule kwa mashine, na wateja humjia hata kutoka Malaba. Siku tulipomaliza msingi alivua viatu, akatembea juu ya msingi akihesabu hatua.

"Fundi, mlango wa jikoni usogeze huku. Nikitoka chumbani nataka njia moja iliyonyooka. Na madirisha ya veranda yafunguke kwa ndani, si kwa nje."

Dada, la mlango nilitii, la madirisha sikutii. Miaka yote nimeyaweka ya kufunguka nje, na nilijua haoni. Nikafanya nilivyozoea.

Alhamisi moja akaja kukagua. Alipita verandani, mkono ukifuata ukuta, akagonga paji la uso kwenye kona ya dirisha lililokuwa wazi. Damu ikamtiririka mpaka kidevuni. Nilitamani ardhi inimeze.

"Pole, mama. Ni makosa yangu."

Akajifuta kwa leso yake. "Nilikuambia, hukusikia. Sasa ng'oa."

Niliyang'oa yote matatu, nikayaweka upya yafunguke kwa ndani.

Tangu hapo sikupiga msumari kabla ya kumuuliza. Sakafu ya veranda aliitaka ikwaruze kidogo karibu na ngazi, ili nyayo zijue. Rafu za jikoni ziwe na ukingo, kikombe kisiteleze. Fremu za milango tupake rangi nyeusi kwenye ukuta mweupe, kwa sababu dada yake anayekuja kumtembelea bado anaona kidogo. Nimejenga miaka kumi na miwili, sijakutana na mtu anayeijua nyumba yake hivyo.

Jana alihamia. Alitupikia mafundi wote ugali na samaki, peke yake. Niliposimama nimsaidie kuepua sufuria, akasema, "Keti, fundi. Uko kwangu."

Mwende, najua ulimkataza Mama kwa kumpenda. Lakini muulize anataka jikoni kwake pabadilishwe nini, kisha uniandikie maneno yake yote, usipunguze hata moja. Mwisho wa mwezi nakuja na vifaa vyangu. Kwa sasa mwache achemshe chai, wewe ukae karibu.

Nisalimie shemeji, watoto wako, na mjomba anayetuchungia mbuzi. Mama mwambie hivi: nimewajengea watu wengi, na yeye sijawahi kumuuliza anataka nini. Anisamehe.

Mdogo wako anayewakumbuka sana,
Musyoka