Safari ya Baba Hadi Mwisho wa Reli

Kilimatinde,
Manyoni.
16 Septemba 1998

Mdogo wangu mpendwa Elisha,

Pokea salamu zangu kutoka nyumbani. Hujambo? Wifi yangu Belinda hajambo? Ile homa ya mtoto Sara imeisha? Sisi huku miili ni mizima, na mama anakula kidogo kidogo. Upepo wa mwezi huu umetujaza vumbi mpaka kwenye mboga. Moyoni bado hatujakaa sawa.

Barua yako nimeipata. Najua telegramu ilikufikia huko Mtwara tumeshamzika baba, na uchungu wako naujua. Lakini ile sehemu unayouliza ni nani alinituma kumburuta mzee kwenye treni daraja la tatu kwa ajili ya starehe, sikumsomea mama. Nilimsomea salamu tu. Hakuna aliyenituma, Elisha. Baba mwenyewe ndiye aliyeomba.

Unakumbuka miaka yote aliyofanya kazi ya gengi, yeye na mtaimbo wake, akitengeneza reli kati ya Manyoni na Itigi. Pasi ya kusafiri bure alikuwa nayo, lakini kila likizo aliimalizia shambani. Walipopunguzwa kazini, pasi nayo ikaenda. Ndipo akaanza kusema anataka kuona reli inaishia wapi. Mwanzoni nilicheka, kisha nikaona hatanii.

Tuliuza alizeti, tukakata tiketi mbili za kwenda Kigoma. Chakula tulibeba chote: kuku wa kuchemsha, viazi vitamu, karanga na dumu la maji. Mchungaji alituandikia barua ya utambulisho tukalale kwa mwenzake, hivyo gesti hatukuingia. Unanijua nilivyo bahili. Nilijisifu njia nzima kwamba hatujanunua kitu dirishani, kumbe baba alishanunua asali pale Itigi, akaja kuilamba mbele yangu.

Alifurahi, Elisha. Kila tulipopita gengi limesimama pembeni kupisha treni, alitoa mkono dirishani akawapungia, nao wakamvulia kofia bila kumjua. Kwenye kipande alichokitengeneza yeye alifumba macho akaniambia, "Sikiliza, Loyce. Hapa treni haitikisiki. Hapa ni mkono wangu." Mimi nilitikisika vilevile.

Kigoma alitembea mwenyewe hadi reli inapokomea. Aliinama akaligusa taruma la mwisho linaloshikilia reli, akasema kokoto zake ni chache. Ziwa lote lile lilikuwa mbele yake na wala hakuliangalia.

Sasa lile ambalo hujaniuliza. Asubuhi ya kurudi aliomba tupite posta akupigie simu kazini kwako. Niliuliza bei, nikaona inatosha nauli yetu ya kutoka Manyoni hadi nyumbani. Nikamwambia, "Baba, si utamwandikia tukifika?" Hakubishana. Alisema, "Haya, mama," akachukua dumu lake tukaenda stesheni. Na ile nauli hatukuitumia. Tuliposhuka Manyoni gari la misheni lilitupakia bure, na mimi nikaona nimefanya vizuri sana.

Siku ya tatu tangu turudi alianza kubanwa kifua. Siku ya tisa akatutoka, na barua alikuwa hajaiandika. Daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi, kabla ya safari. Kwa hiyo kwa daraja la tatu sikuombi msamaha, maana sijamwona baba na furaha ile tangu nizaliwe. Kwa ile simu nakuomba. Usiku silali vizuri kwa ajili yake, na mama hajui.

Mpe Belinda pole yangu, umbusu Sara. Mama anawasalimu, na kaka Mathayo pia, ndiye aliyejenga kaburi. Mungu awalinde huko mliko, na akupe nafasi ya kuja uweke jiwe lako.

Kwenye treni nilimuuliza baba alitaka kukuambia nini. Alisema si neno kubwa. Alitaka kukuuliza mtu akishuka Dar es Salaam anafikaje Mtwara, kwa kuwa huko reli haiendi, na mwakani tukishauza alizeti alikuwa anakuja kwako.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Loyce