Marehemu Wote Siku Hizi Walikuwa Wapole

Jumapili, jioni. Manyunyu tangu mchana na milima yote imefunikwa. Nimerudi mjini, mtaani kwetu Mwembesongo, kutoka kumzika mjomba Odilo. Viatu vimejaa udongo wa Uluguru na sina nguvu ya kuvifuta.

Nimechoka. Na siyo mlima tu ulionichosha.

Mnaopita hapa mara kwa mara mnakijua kibanda changu: fotokopi, picha za pasipoti, kuchapa. Zamani niliandika pia wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kabla ya kuzika. Sikusomea popote. Mtu alikaa kwenye stuli, akasimulia, akalia kidogo, mimi naandika. Siku hizi stuli inakaliwa na vumbi. Mteja anakuja na maneno yaliyotungwa na akili bandia ya simu, kazi yangu kuchapa. Na marehemu wote wa mji huu sasa ni wapole, wacha Mungu, nguzo za familia. Nimechapa nguzo nyingi mpaka nashangaa nyumba zinaangukaje.

Basi wateja hao nilikuwa nawacheka.

Ijumaa mama akaniambia, "Baba, wewe ndiye mwandishi. Kaka yangu usimwache aende hivihivi." Nikasema sawa mama. Halafu nikakaa na simu, mwili umechoka, nikaiandikia: mzee, mkulima, Mkatoliki, wa milimani. Kabla sijakohoa ikanitolea kurasa mbili, Kiswahili kizuri kuliko changu.

Sikubadilisha hata neno.

Jana kaburini nilisoma vizuri, kwa sauti ya redio. Alikuwa mtu mpole, mwenye subira, asiyepandisha sauti. Mama alikuwa anaangalia chini, kama anayesubiri kaka yake atajwe.

Ndipo akatokea Bi Zena. Ni Mzigua, mjane wa jirani yake mjomba, aliolewa kijijini pale, na kwetu Waluguru Mzigua ni mtani: msibani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Alikuwa amevaa mabuti ya mjomba na koti lake la mvua, jembe begani.

"We mwandishi wa mjini, huyo mpole umemtoa wapi? Mrudishe kwao. Sisi tumekuja kumzika Odilo."

Akageukia bondeni, akaweka kiganja mdomoni, akapiga ukelele ambao kila mtu pale aliujua. "Nani kafungua maji? Zamu yangu hiyo!"

Mjomba aligombania maji ya mfereji wa mashamba na mlima mzima, maisha yake yote. Hata alipopata simu aliendelea kupiga kelele vilevile, ukimsikiliza unaona simu yenyewe haina kazi. Watu wakaanza kucheka. Padri akainamia kitabu chake, mabega yanamtikisika.

Bi Zena akashusha jembe. Sauti aliyotoa sasa ilikuwa yake mwenyewe.

"Na zamu yangu mimi mjane, nani mwingine ataipigia kelele?"

Mama alicheka. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba ulipotufika, akilitaja jina la kaka yake.

Ukurasa wa pili sikuusoma. Hakuna aliyeuulizia.

Simu siilaumu. Niliipa maneno machache na yenyewe ikafanya iwezalo. Habari ya maji nilikuwa nayo mimi. Utotoni mjomba alinifukuza mferejini miguu yangu ikiwa na tope, na bado nayasikia matusi yake. Simu haikuniuliza, nami sikuiambia. Nilitaka tu kulala mapema.

Kesho asubuhi anakuja binti mmoja wa Kihonda kuchapisha wasifu wa baba yake. Ameshanitumia. Mpole, mcha Mungu, nguzo. Ni kazi ya kubonyeza tu, naye ana haraka, nami mgongo unauma.

Stuli nimeifuta vumbi. Sasa sijui kama nitathubutu kumkalisha nimwulize: mzee wako alikuwa anagombana na nani?